Faili ya Linux inayodai sababu ya kila kipande

Miezi michache iliyopita, kijana niliyemfundisha Kiswahili katika shahada ya kwanza alinitembelea nyumbani hapa Kisumu akiwa na karatasi tatu mkononi. Kiswahili alikisoma, akapita vizuri, kisha akaenda zake kutunza kompyuta, maana huko, kama alivyowahi kuniambia, ndiko kwenye unga. "Prof," akasema baada ya chai, "leo nimekuletea kazi ya lugha, si ya mashine."

Alikuwa ameunda programu ndogo ya kunakili samaki wanaoshushwa ufuoni kila asubuhi. Aliitaka itumiwe na makarani wa vikundi vya usimamizi wa fuo, kuanzia Dunga hadi Usenge, kwenye kompyuta kuukuu zinazoendeshwa na Linux kwa kuwa mfumo huo haulipiwi. Karatasi zile tatu zilikuwa nakala ya faili ya metadata, yaani maelezo yanayoambatana na programu ili mashine na binadamu wajue ni programu gani, inahitaji nini na ifungwe vipi kabla ya kusambazwa. Sehemu ya mashine alikuwa ameikamilisha. Alichotaka kwangu ni muhtasari na maelezo kwa Kiswahili.

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe ingenichukua wiki mbili, na jaribio langu la kwanza lingekataliwa hadharani na karani aliyejua samaki kuliko nijuavyo mimi ngeli. Ndiyo maana leo, badala ya kuhakiki riwaya au diwani, nataka kuhakiki faili ile. Nayo pia ni andiko. Ina mtunzi, ina wasomaji, ina kanuni za utanzu wake, na inaweza kuandikwa vizuri au vibaya.

Nianze na msomaji ambaye jina Linux amelisikia tu kwa mbali. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, na baadaye akakiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kukitumia, kukibadilisha na kukigawa. Kiini peke yake hakimsaidii karani. Ndipo ikazuka mikusanyo, yaani maelfu ya programu zilizounganishwa na kiini hicho na kutolewa chini ya jina moja. Debian ulianza 1993, Fedora ukafuata 2003, na 2004 ukaja Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo la mwisho limetoka katika lugha za Kinguni na ni ndugu wa neno letu "utu".

Katika mikusanyo hii kila programu huja ndani ya kifurushi, na kila kifurushi hubeba maelezo. Hebu fikiria pakiti ya unga dukani. Nyuma yake pana jina, uzani, tarehe na aliyeusaga. Metadata ni maandishi hayo ya nyuma ya pakiti, ila hapa yanasomwa na wawili: mashine, inayotaka kujua ni vifurushi vipi vingine viletwe kwanza, na mtu, anayetaka kujua kama hiki ndicho alichokuja kukitafuta.

Muundo ambao mwanafunzi wangu aliufuata huitwa modulemd. Ulizaliwa kutokana na tatizo la kweli. Mkusanyo wa kawaida hutoa toleo moja tu la kila programu. Anayetaka jipya analalamika kwamba lililopo limezeeka, na anayetaka la zamani analalamika kwamba jipya limemvunjia kazi. Mnamo Mei 2018 Fedora 28 ilileta moduli katika mkusanyo wake wa seva, na Mei 2019 Red Hat ikazitumia katika toleo la 8 la mkusanyo wake wa kibiashara. Moduli ni fungu la vifurushi vinavyokwenda pamoja, na kila moduli inaweza kuwa na mikondo kadhaa. Kwa mfano hifadhidata ya PostgreSQL ilitolewa katika toleo hilo la 8 ikiwa na mkondo wa 10 na mkondo wa 9.6. Unachagua mmoja. Mikondo yote miwili ipo sokoni, lakini ndani ya mashine moja huingia mmoja tu. Naomba msomaji akumbuke kanuni hiyo, maana nitairudia.

Sasa tuisome faili yenyewe. Imeandikwa kwa YAML, namna ya kupanga data kwa jina, nukta pacha na thamani, mstari baada ya mstari, huku nafasi za mwanzo wa mstari zikionyesha kipi kimo ndani ya kipi. Juu kuna jina na mkondo. Kisha muhtasari, maelezo, leseni, mahitaji, wasifu wa matumizi na mwishowe orodha ya vipande.

Jambo la kwanza ninalolisifu ni kutenganisha muhtasari na maelezo. Wazo hilo ni kongwe kuliko moduli. Kanuni za Debian husema muhtasari uwe mstari mmoja, chini ya herufi 80, na usirudie jina la kifurushi kwa sababu jina tayari limeonyeshwa. Mpe kazi hii mwandishi wa Kiswahili cha ofisini. Ataanza hivi: "Hii ni programu ambayo imeundwa kwa madhumuni ya kumwezesha mtumiaji..." Herufi zimekwisha na hajasema lolote! Tumezoea kupasha sauti kabla ya kuimba.

Na bado lugha yetu ina kiambishi kinachofaa kazi hii kana kwamba kiliundiwa. Ni hu- ya mazoea. "Hunakili samaki wanaoshushwa ufuoni." Haihitaji kiambishi cha nafsi, kwa hiyo haina haja ya kulirudia jina la programu, na papo hapo inasema kwamba hii ndiyo kazi yake ya kila siku. Kanuni ile ya Debian, ambayo waandishi wa Kiingereza hulazimika kuifundishwa, sisi tunaipata bure katika sarufi.

Hali ni hiyo hiyo upande wa mahitaji. Faili hutofautisha vitu vinavyotakiwa wakati programu inaundwa na vile vinavyotakiwa wakati inatumika. Mwanafunzi wangu alikuwa ametafsiri kwa maneno saba upande mmoja na manane upande wa pili. Nikamkumbusha kauli ya kutendea. Mama yake hasemi "sufuria inayotumika wakati wa kupika". Husema sufuria ya kupikia. Basi haya ni mahitaji ya kuundia, na yale ni mahitaji ya kuendeshea. Tofauti nzima imebebwa na kinyambuo kimoja. Anayesema Kiswahili hakitoshi kwa sayansi ya kompyuta aghalabu hajakifungua kabati lake.

Jambo la pili ni la tahajia, na litawafurahisha walimu wenzangu ambao kila mwaka huambiwa wanasumbua watu kwa alama ndogo ndogo. Katika YAML, ukiandika mkondo 1.10 bila alama za mtajo, mashine inaweza kuuchukua kama namba ya desimali na kuusoma 1.1, ambao ni mkondo mwingine kabisa. Ukiuweka ndani ya alama za mtajo unabaki ulivyoandikwa. Kioja zaidi ni cha Norwei. Ufupisho wa lugha ya Kinorwei, kama ule wa nchi yenyewe, ni herufi n na o. Katika toleo la 1.1 la YAML herufi hizo mbili, zisipowekwa alama za mtajo, husomwa kuwa "hapana", yaani thamani ya uongo. Taifa zima likageuzwa kanusho! Wataalamu wa programu hulitaja tatizo hili kwa jina la Norwei hadi leo. Kiswahili, ambacho ufupisho wake wa kimataifa ni sw, kimesalimika.

Hilo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Katika orodha ya vipande, muundo wa modulemd haukubali kipande kitajwe tu kikaachwa. Kila kipande lazima kifuatwe na mstari wa sababu: kwa nini hiki kimo humu? Ukiacha mstari huo, faili haijakamilika. Nimesoma maandishi mengi ya kitaaluma katika maisha yangu, na ni machache mno yanayomlazimisha mwandishi kutetea kila kitu alichokiingiza. Wazia tasnifu ambayo kila nukuu imefuatwa na mstari unaoeleza kwa nini nukuu hiyo ipo pale. Zingekuwa fupi ajabu.

Lakini mhakiki hasifu umbo akasahau utendaji. Waandishi wengi wa faili hizi huijaza sehemu ya sababu kama mtu anayejaza fomu getini. "Kinahitajika." "Ni tegemezi." Kinahitajika na nani, kwa lipi? Kanuni imetimizwa na msomaji hajaambiwa kitu. Mwenye kudai sababu kwa amri atapata sababu za kuitikia amri. Hili ni kosa la uandishi, si la teknolojia, na nilipolicheka sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa njiani kulifanya.

La nne ni tafsiri. Walioandaa muundo huu walitenga hati ya pekee kwa ajili ya lugha nyingine. Inataja moduli na mkondo wake, kisha chini ya ufupisho wa kila lugha inaweka muhtasari, maelezo na wasifu kwa lugha hiyo. Pia inabeba tarehe na saa ya kurekebishwa, na hati mbili zikishindana, yenye tarehe ya karibuni ndiyo hushika. Hapa nina shaka kidogo. Upya si ubora, na tafsiri iliyoharibiwa jana usiku haifai kuishinda nzuri ya mwaka jana. Hata hivyo mlango wa kuingilia Kiswahili uliachwa wazi tangu mwanzo. Hakuna aliyetakiwa kuandamana wala kuomba kibali cha serikali. Katika faili nilizozisoma kwa ajili ya makala haya, chini ya sw hapakuwa na neno.

Tuzoee kuwalaumu wageni hadi lini? Mlango uko wazi na sisi ndio hatujaingia.

Sisemi kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na zikiwa huria. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilijitokeza kutafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili. Hizo zilikuwa hatua za kweli na waliozichukua wanastahili heshima. Zilithibitisha kwamba mtu anaweza kufungua, kuhifadhi na kuchapisha bila kukopa hata kitenzi kimoja.

Tatizo liko katika jinsi sisi wanaistilahi tulivyozoea kufanya kazi. Orodha nyingi tulizo nazo, zikiwemo ambazo mimi mwenyewe nilikaa mezani kuziandaa, zina safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Hakuna sababu. Hakuna mkondo. Hakuna jina la mtu wa kuulizwa. Mwanafunzi anakutana na "tarakilishi" katika kitabu kimoja na "kompyuta" katika kingine, "kipakatalishi" hapa na "kompyuta mpakato" kule, "rununu" darasani na "simu ya mkononi" nje ya darasa, na hana pa kujua kwamba huo ni mkondo mmoja na ule ni mwingine. Anadhani mmoja kati ya waandishi amekosea. Mwalimu aliyezoea mkondo wa kwanza anaweza hata kumkata alama kwa kutumia wa pili.

Watu wa ufuoni hawana ugonjwa huu. Samaki mdogo wa fedha anayeanikwa juani ni omena kwa Mjaluo, ni dagaa ukivuka kwenda Mwanza, na ni mukene ukifika upande wa Uganda. Mbuta wetu ni sangara wao, na ngege wetu ni sato wao. Mchuuzi wa soko la Kibuye anayajua yote na hayamtatizi, kwa sababu kila jina anajua limetoka ufuo gani. Na akiandika risiti, huandika jina moja toka juu hadi chini. Hiyo ndiyo kanuni ile ya mikondo niliyoomba ikumbukwe: mingi iwepo, mmoja utumike katika kazi moja. Kenya na Tanzania hazina haja ya kupigana juu ya istilahi. Zina haja ya kuandika lebo.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Baada ya siku kadhaa nilimkabidhi kijana maandishi niliyoyaonea fahari. Muhtasari wangu ulisema: "Mfumo wa kitarakilishi wa uwekaji kumbukumbu za mavuno ya uvuvi." Alipanga kikao kidogo na makarani kadhaa, akanialika. Tuliketi chini ya mti karibu na ziwa, nikausoma kwa sauti ya mhadhara. Pakawa kimya. Kisha mama mmoja wa makamo, karani wa miaka mingi, akanyanyua mkono kwa adabu.

"Prof, pole, lakini hicho ni Kiswahili cha mtihani," akasema. "Mimi nataka tu kujua hii kitu inapima omena kwa gorogoro ama kwa kilo."

Watu walicheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini njiani kurudi nyumbani sikucheka. Swali lake lilikuwa swali la sababu, lile lile ambalo faili iliniuliza nami nikalipuuza. Omena ufuoni hupimwa kwa karai na debe, sokoni kwa gorogoro, na kwa kilo akija mnunuzi mkubwa. Karani akiingiza karai mahali pa kilo, hesabu ya ufuo mzima inaharibika. Baadaye anayekuja kusema samaki wamepungua au wameongezeka atakuwa anasoma makosa ya lugha, si hali ya ziwa. Na wenye hesabu hiyo ni watu wanaolipiwa karo za watoto na ziwa hilo. Mimi nilikuwa nimechagua "mavuno ya uvuvi" kwa sababu linapendeza, na "kitarakilishi" kwa sababu ndilo nililolitetea katika mikutano kwa miaka. Lau mstari wa sababu ungekuwa umeambatana na maneno yale, ningeandika nini? "Ni zuri." "Profesa amelizoea." Hizo si tofauti na "kinahitajika" niliyoicheka.

Nitaulizwa: kama muundo huu ni mzuri kiasi hicho, mbona wenyewe wameuacha? Swali ni la haki. Fedora iliziondoa moduli katika toleo la 39, mwaka 2023, na Red Hat haikuziendeleza katika toleo lake la 10, lililotoka 2025. Kuhama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine kulikuwa kugumu. Moduli mbili zingeweza kudai mikondo tofauti ya moduli ya tatu, na mtumiaji akabaki katikati kama mtoto wa wazazi waliogombana. Mashine zilikwama wakati wa kupandishwa toleo. Juu ya yote, kila mkondo ulihitaji mtu wa kuutunza, na watu hao hawakutosha. Wengi walirudi kwenye vifurushi vya kawaida, na inapolazimu, namba ya toleo ikatiwa ndani ya jina la kifurushi.

Nachukua mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mikondo ina gharama. Tukisema Kiswahili cha Nairobi na cha Dodoma kila kimoja kiwe na istilahi zake za kompyuta, tuulizane kwanza nani atazirekebisha miaka kumi ijayo. BAKITA imekuwepo tangu 1967 na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Vyombo vipo. Ila chombo kikiidhinisha neno bila kumteua mtu wa kuliangalia baadaye, kimezindua mashua bila nahodha. Debian haikubali kifurushi kisicho na jina la mtunzaji na anwani yake ya kumwandikia. Sijaona orodha ya istilahi za Kiswahili inayofanya hivyo neno kwa neno, na ningependa sana nionyeshwe.

La pili ni kwamba sehemu ya lazima katika fomu haitoshi kumfanya mwandishi afikiri. Modulemd ilidai sababu kwa amri na bado ikapewa maneno matupu, kwa kuwa aliyekuwa akizisoma ni mashine, na mashine hukagua tu kama mstari upo. Yule mama aliidai sababu bila amri yoyote, akaipata, kwa sababu alikuwa na samaki wa kupima kesho yake asubuhi. Kamati zetu za istilahi zimejaa sisi, wasomi tunaokaguana. Hatujawahi kuketi na karani wa ufuo, fundi wa simu wa mtaa wa Kondele au mhudumu wa duka la kuchapishia, tukamsomea neno na kusubiri mkono unyanyuke. Ningeshauri tuanze huko kabla ya kuchapisha orodha nyingine yoyote.

Kuna mwenzangu atakayesema huko ni kuiteremsha lugha, kwamba tukiwasikiliza watumiaji tutabaki na maneno ya mkopo peke yake. Sivyo nilivyoona. Katika kikao cha pili, makarani walikataa "tarakilishi" lakini wakakubali "mkondo" bila hata kuelezwa, maana wanaoishi kando ya maji wanaujua. "Hifadhidata" walisita, kisha mmoja akasema ni "kama kabati la daftari", nao wakaipokea. "Seva" waliitaka ibaki seva. "Mahitaji ya kuendeshea" yalipita moja kwa moja. Walichokataa ni maneno yasiyowaambia kitu, yawe ya kukopwa au ya kubuniwa.

Muhtasari uliokubaliwa ni huu: "Hunakili samaki wanaoshushwa ufuoni: aina, kilo na bei ya siku." Uko chini ya herufi 80. Neno "kilo" limewekwa makusudi, na maelezo yanaeleza namna ya kugeuza karai na debe kuwa kilo kabla ya kuingiza. Majina ya samaki yamefuata mkondo wa upande wetu, na faili inasema hivyo waziwazi, ili ndugu wa Mwanza akitaka aongeze wake. Chini ya kila kipande kijana ameandika sababu kwa sentensi nzima. Moja ilinifurahisha: kipande cha kuhifadhi nakala kimo "kwa kuwa stima hupotea".

Alipomaliza aliniuliza jina la nani liwekwe kama mtunzaji wa tafsiri. Nikataja chuo. Akatikisa kichwa. "Chuo hakijibu barua pepe, Prof. Weka lako." Nikaliweka. Tangu hapo nimeandikiwa mara nne. Mara tatu walinisahihisha, na mara moja karani mmoja alitaka kujua kwa nini nimeandika "kunakili" badala ya "kuandika". Nilimjibu kwamba kuandika ni kwa kalamu popote, na kunakili ni kuweka kumbukumbu ya jambo lililotokea. Hajanijibu kama ameridhika. Akirudi na sababu bora kuliko yangu, nitabadilisha neno na kuandika tarehe.